Mwezi Uliopigiwa Kura

Tahlil alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: akijua kwamba ana haki, hawezi kunyamaza. Shuleni alikofundisha fizikia ugonjwa huo ulimpa sifa. Nyumbani ulimpa sahani za wali zilizowekwa mezani kwa kishindo. Na katika msikiti mdogo wa Lozells, Birmingham, ule uliokuwa ghala la mazulia kabla haujawa msikiti, ulimpa uenyekiti ambao mwenyewe aliapa hakuutaka. Ladan, mkewe, alimsikia akiapa hivyo, na jioni ileile akamkuta chooni anapiga mswaki huku anajitabasamia kwenye kioo.

Lakini uenyekiti haukuja bure. Aliyekuwa ameukalia kabla yake ni Mzee Hillow, kaka wa mama yake. Mama yake Tahlil alifariki yeye bado hajaota ndevu, na huyo mjomba ndiye aliyemlea Eastleigh, Nairobi, akamtafutia njia ya kwenda Uholanzi, kisha akamvuta hadi Birmingham na kumpa chumba katika fleti yake ya Ladywood mpaka alipomaliza chuo. Tahlil alimwita abti, kama Wasomali wanavyomwita mjomba, na ufunguo wa fleti ile ulikuwa bado umo kwenye mkufu wake wa funguo. Alitaka vitu viwili kwa pamoja: msikiti uongozwe kwa hoja, na abti aendelee kumwona mwanawe. Hakuona kwa nini mtu asivipate vyote viwili.

Mzee Hillow alikuwa chifu huko Garissa ujanani, chifu wa serikali mwenye koti la khaki, na ingawa koti lilibaki Kenya, uchifu alisafiri nao. Msikiti aliuanzisha yeye. Aligonga milango ya Wasomali waliokulia Kenya kama yeye, ya Waswahili wa Mombasa na Tanga, ya Wakongo waliokuwa wakisali kila mtu chumbani kwake, akawakusanya. Mikutano ilifanywa kwa Kiswahili kwa kuwa hakuna aliyeweza kudai kwamba ni chake peke yake, ingawa Jaffar, katibu, mzaliwa wa Mombasa, alijaribu kudai kila Ijumaa. Hakuna aliyemchagua mzee kuwa mwenyekiti. Kwa miaka mingi hakuna aliyefikiri kwamba mwenyekiti ni mtu wa kuchaguliwa.

Na mwezi ulikuwa wa kwake. Jioni ya tarehe ishirini na tisa ya Ramadhani, watu walipanda hadi ghorofa ya kumi na moja ya lile jengo la Ladywood, kwa sababu dirisha la sebule yake lilitazama magharibi na hakukuwa na jengo la kulizuia. Walijaa sebuleni, wakajaa jikoni, wakamwagika nje kwenye ukumbi mdogo wa lifti. Jirani wa mlango wa pili, Mama Kamlesh, Mhindi mzaliwa wa Kisumu, si Mwislamu wala hakuombwa, aliwaletea chevda, ule mchanganyiko wa dengu na karanga, kwenye bakuli kubwa na kusimama nao kutazama mbingu. Jua likizama walifungua kwa tende na sambusa, kisha kila jicho likawa dirishani.

Mwezi wenyewe haukuonekana karibu kila mwaka. Hii ni Birmingham, mawingu yamehamia na familia zao. Basi mzee alikaa kwenye kiti chake kikubwa cha ngozi, simu sikioni, akisikiliza jamaa wa Moroko au wa Afrika Kusini. "Nani kauona? Mtoto wa nani? Alikuwa na nani?" Aliuliza majina hadi babu wa tatu. Asiporidhika, aliweka simu chini na kusema, "Kesho tunafunga," na hakuna aliyebisha. Na Idi ikifika, Tahlil alimfuata kwa gari, wakaenda kusali, kisha waumini wote wakapanda kwake kabla ya kwenda nyumba nyingine yoyote. Mzee hampigii mtu simu siku ya Idi. Mzee hukaa, watu huja.

Tahlil aliipenda desturi hiyo alipokuwa mwanafunzi. Alipopata kazi, ilianza kumtia aibu. Ilimbidi asimame mbele ya mwalimu mkuu na kuomba ruhusa ya Jumatatu, au labda Jumanne, inategemea mwezi. Mtaa mmoja wa Lozells ulikuwa na misikiti mitatu na Idi mbili. Mwaka 2017 Kowsar, muuguzi, alichukua likizo siku isiyo ya Idi, na siku ya Idi yenyewe akashinda wodini akisafisha vidonda vya watu huku wanawe wamevaa nguo mpya kwa jirani. Alilia msikitini mbele ya wanawake wenzake. Siku hiyo Tahlil aliamua kwamba yatosha.

Alianza na darasa. Kila Jumapili alasiri, katika chumba cha juu cha msikiti, aliwafundisha watu wazima namna sayansi ilivyobadilisha serikali. Hakuwa mwalimu wa historia, lakini akianza kuzungumza ungesahau. Aliwaambia kwamba zamani huko Ulaya watu waliamini mbingu zina ngazi, kila kitu na daraja lake, na mfalme amewekwa juu ya watu kama jua lilivyowekwa juu ya dunia. Kisha wakaja watu wenye darubini na hesabu. Wakagundua kwamba tunda likianguka na mwezi ukizunguka, vyote viwili vinatii kanuni moja. Hakuna kanuni ya juu na kanuni ya chini.

"Sasa fikirieni," alisema, akitembea mbele ya ubao. "Kama jua lenyewe lina sheria, mfalme ni nani asiwe na sheria? Ndipo watu wakaanza kuuliza: huyu anatutawala kwa ushahidi gani? Nani alimpa? Mkataba uko wapi? Wakasema serikali ni kitu walichokitengeneza binadamu, na kitu ulichokitengeneza unaweza kukikagua, ukakirekebisha."

Aliwaambia pia kuhusu waungwana wa mji huuhuu wa Birmingham, miaka zaidi ya mia mbili iliyopita, waliokutana mara moja kwa mwezi kujadili sayansi, na wakachagua siku za mwezi mpevu ili wapate mwanga wa kurudia nyumbani. Mmoja wao alichomewa nyumba na wenye hasira kwa fikra zake juu ya kanisa na serikali. Watu walilipenda hilo la mwezi. Jaffar alicheka akasema kumbe mji huu umezoea kugombana kwa ajili ya mwezi.

Mzee Hillow alihudhuria. Alikaa kiti cha nyuma, mkongojo katikati ya magoti, kofia imenyooka. Hakuandika kitu na hakusinzia. Katika wiki zote hizo aliuliza swali moja tu.

"Na yule aliyeshindwa kura," alisema, "yeye hufanya nini?"

"Hutii, abti," Tahlil alijibu upesi, kama anavyojibu watoto wa shule. "Anaruhusiwa kulalamika mpaka achoke. Lakini hutii. Asipotii, basi ile kura ilikuwa kelele tu, na tumerudi kwa mwenye fimbo kubwa."

Mzee aliitikia kwa kichwa taratibu. Tahlil aliendelea na somo.

Mkutano ulifanywa wiki mbili kabla ya Ramadhani ya mwaka 2018. Tahlil alileta projekta ya shule. Aliwaonyesha mwezi ukizaliwa saa ngapi, ukitua dakika ngapi baada ya jua, wapi duniani utaonekana na wapi hautaonekana, miaka kumi mbele. Alizungumza vizuri, na kwa adabu, na kila alipomtaja mwenyekiti alisema "mzee wetu". Alipomaliza, Kowsar alipiga makofi, akaona haya, akaacha.

Mzee Hillow alisimama kwa kujikokota. "Hesabu zako sina shida nazo," alisema. "Wewe ni mwanangu, nilikulipia hizo hesabu mwenyewe. Lakini sikilizeni. Mtu akinipigia simu akaniambia kauona mwezi, namjua mama yake. Akinidanganya najua pa kwenda kumshika. Hii mashine mama yake ni nani? Na jingine. Mkishajua siku miezi sita kabla, mtakuja tena kwangu kutafuta nini? Mimi nasema wazi mbele yenu: siku ambayo mwezi haujaonekana kwa macho, Hillow amefunga."

Tahlil alimpenda yule mzee kuliko mtu yeyote aliyekuwemo mle ndani, na ugonjwa wake ukamshika vilevile.

"Abti, kwa heshima zote," alisema, "hilo ni tishio, si hoja."

Wakapiga kura kwa mikono. Mikono ya hesabu ilikuwa mingi hata Jaffar hakuhangaika kumaliza kuihesabu. Na kwa kuwa mikono ilikwisha kupashwa moto, kijana mmoja wa nyuma akasimama na kusema kwamba kama mwezi umewekewa kanuni, basi na mwenyekiti awekewe. Achaguliwe, na awe na muda wake. Hilo Tahlil hakulipanga. Lakini hakulizuia pia. Walipomtaja jina alitazama sakafu, akasubiri kuhesabiwa.

Mzee Hillow alitoa funguo za msikiti mfukoni, akaziweka mezani mbele ya mpwa wake, akachukua mkongojo akatoka. Wote walioona wakaelewa kwamba amekasirika. Hivyo ndivyo walivyoelewa, na hakuna aliyejisumbua kuelewa vingine.

Ramadhani ilipoingia alikuja kwenye tarawehe siku mbili tatu, akakaa safu ya nyuma kabisa, yeye aliyezoea kukaa nyuma ya imamu. "Mzee amenuna," Jaffar alinong'ona. Baadaye miguu ikamsumbua akaacha kuja. "Amesusa," wakasema. Tahlil alikwenda kumwona siku moja na futari aliyopika Ladan. Mzee alimpokea vizuri, akamuuliza habari za kazi, akasifu maharagwe ya nazi, akalalamikia lifti inayoharibika kila wiki. Habari ya mwezi hakuigusa. Tahlil alitaka kumuuliza: abti, Idi utaswali na sisi? Swali lilimfika kooni likarudi. Aliogopa jibu, ndiyo kweli yenyewe. Mtu aliyewafundisha watu wazima kwamba usiamini kitu kabla hujakipima aliaga, akashuka, akaendesha gari hadi nyumbani akiwa tayari ana jibu lake.

Alhamisi ile ya mwisho, ya ishirini na tisa, Birmingham ilivuma upepo na mawingu mazito. Hakuna aliyehitaji kutazama juu. Kila mtu alikuwa amejua tangu Shaabani kwamba Idi ni Ijumaa. Kowsar alikuwa na likizo yake, watoto walikuwa na barua za ruhusa. Tahlil, akirudi kutoka sokoni na mfuko wa zabibu na iliki, alipita Ladywood. Mwanga wa jua ulikuwa bado haujaisha nyuma ya mawingu. Alilitazama lile dirisha la ghorofa ya kumi na moja. Taa ilikuwa inawaka. Alipunguza mwendo, dereva wa nyuma akampigia honi, naye akaongeza.

Ijumaa asubuhi waliswali bustanini, kwenye majani mabichi, chini ya mbingu ya kijivu. Ilikuwa swala nzuri. Watu walimkumbatia Tahlil kuliko kawaida. Mtu mmoja wa Tanga alimwambia kwamba kwa mara ya kwanza tangu aje Uingereza ameweza kumwambia bosi wake siku ya Idi bila kuonekana mwongo, na Tahlil akafurahi hadi macho yakamlowa.

Kisha watu walisimama simama, kila mmoja akiwa na ufunguo wa gari mkononi, maana mguu ulishazoea njia ya Ladywood.

"Sasa kwa mzee inakuwaje?" Kowsar aliuliza.

"Mzee leo amefunga," Jaffar alisema. "Si alisema mwenyewe? Jana hapakuonekana hata nyota. Tukimwendea leo na manukato yetu na vinywa vinavyonuka halwa tutakuwa tunamkejeli. Mimi biriani yake nimeitenga. Nitampelekea kesho, iwe ndiyo Idi yake."

Wazo likawapendeza wote. Lilikuwa na heshima ndani yake, na pia liliwaokoa na ule mlango. Watakwenda kesho wote pamoja, wamwekee mzee Idi yake kamili. Tahlil alimshukuru Jaffar kwa sauti. Moyoni alipumua.

Ladan peke yake ndiye aliyekunja uso. "Si tumpigie tu, tumuulize?"

"Tumuulize nini, Ladan? Alisema mbele ya watu mia. Unataka aseme tena ndiyo nijisikie vibaya siku ya Idi?"

"Is it Eid at Awoowe's or not?" aliuliza binti yao Sadiyo, ambaye Kiswahili alikielewa chote na hakukijibu hata siku moja.

"Kwa babu ni kesho," Tahlil alisema.

Alasiri Ladan alipiga simu bila kumwambia mtu. Iliita hadi ikakatika. Alipomwambia mumewe, Tahlil alikuwa amejinyoosha kwenye kochi, tumbo limejaa. "Amelala," alisema. "Saumu ya Juni si mchezo kwa mtu wa umri wake. Na akiiona namba yetu leo, huenda hataki." Lilikuwa na maana. Siku ile kila kitu kilikuwa na maana. Ladan aliifunika sahani ya halwa ya mzee kwa karatasi ya foili, akaiweka ndani ya friji.

Jumamosi asubuhi walifika wao wa kwanza. Mlango wa lifti ulikuwa umebandikwa karatasi: imeharibika tangu Jumatano, samahani kwa usumbufu. Wakapanda ngazi, Tahlil na sinia, Ladan na Sadiyo nyuma yake. Katikati ya njia Tahlil alisimama kupumua, na wazo dogo baya likampitia: mzee huyu wa magoti mabovu hangeweza kushuka tangu Jumatano, angekuwa anataka au hataki. Kwamba hakuonekana kwenye swala ya Idi hakukuwa na maana yoyote. Alilisukuma wazo hilo pembeni, akaendelea kupanda.

Alibisha. Alisema hodi. Ufunguo alikuwa nao lakini hakupata kuutumia kabla ya kubisha, hata enzi za uanafunzi. Mlango uliofunguka ulikuwa wa Mama Kamlesh. Alikuwa amevaa sweta juu ya gauni la kulalia, na alipowaona na nguo zao za Idi akashangaa.

"Kwani jana mlikuwa wapi?" aliuliza.

"Tuliswali, mama. Leo ndiyo tumemletea mzee Idi yake."

"Idi yake? Idi yake ilikuwa jana." Mama Kamlesh aliwatazama mmoja mmoja, kama anayewaelekeza watu waliopotea. "Jana asubuhi alikuja hapa kwangu na halwa. Amevaa kanzu nyeupe, amejipaka udi, smart kabisa. Akaniambia, Kamlesh, leo kutakuwa na kelele, watoto wanakuja wote, nisamehe. Nikamuuliza, wewe si ulisema hutakula mpaka uone mwezi? Akacheka. Akasema, watu wamepiga kura, Kamlesh, nikatae mimi kama nani? Tahlil mwenyewe ndiye alinifundisha."

Ladan alimgeukia mumewe.

"Nikaacha mlango wazi nisikie mkifika," Mama Kamlesh aliendelea. "Mimi napenda hizo kelele. Mpaka saa sita, hakuna mtu. Nikalala. Nikiamka, kimya. Nikasema, basi wamekuja wakamchukua, wamekwenda kula naye huko kwao. Hamkumchukua?"

Tahlil alishatia ufunguo kitasani.

Ndani kulinuka udi uliopoa. Meza ya sebule ilikuwa imetandikwa kitambaa cha maua, na juu yake sahani za halwa, tende, kaimati zilizokauka, chupa za chai nne, na vikombe vilivyopinduliwa juu ya trei, vingi, vyote alivyokuwa navyo, vikiwemo vile vya plastiki vya watoto. Kimoja tu kilikuwa kimegeuzwa mdomo juu, tayari kwa kunywea. Mzee Hillow alikuwa karibu na dirisha la magharibi, kwenye kiti kidogo cha jikoni, kidevu kimelala kifuani, mkongojo umeanguka miguuni. Tahlil alimgusa mkono. Hakuhitaji kugusa mara ya pili.

Ladan aliuvuta uso wa Sadiyo kwenye buibui lake, akaanza kulia kwa sauti. Baadaye daktari angesema ni moyo, na kwamba ilikuwa tangu Ijumaa, mchana au alasiri. Huenda angeokolewa kama kungekuwa na mtu karibu wa kuita msaada, na huenda asingeokolewa, hakuna anayeweza kujua. Simu yake ilikuwa jikoni, imechomekwa kwenye chaji. Ilionyesha kwamba Ladan alipiga.

Kile kiti kikubwa cha ngozi kilikuwa kimesogezwa, kikaelekea mlangoni. Juu yake palikuwa na mto mpya wa hariri, bado una kikaratasi cha duka.

"Hicho niliuliza," Mama Kamlesh alisema kutoka mlangoni, machozi yakimshuka bila kuyafuta. "Nikamwambia, mbona wewe unakaa kwenye kijikiti cha jikoni siku ya sikukuu? Akasema kile ni cha mwenyekiti, akija."

Tahlil alisimama katikati ya sebule na sinia lake. Akili yake, ile aliyoitumainia maisha yake yote, ilifanya kazi yake bila kuombwa, ikampangia mambo kwa utaratibu: safu ya nyuma kwenye tarawehe, kumbe ni mtu aliyempisha mwenzake mahali. Funguo mezani, kumbe ni mtu aliyekabidhi. Ukimya siku ile ya maharagwe ya nazi, kumbe hakukuwa na la kuzungumza, jambo lilikwishaamuliwa. Ushahidi wote ulikuwepo mbele ya macho yake mwezi mzima. Hesabu ya mwezi ilikuwa sahihi hadi dakika. Mtu mmoja tu alihitaji kupigiwa simu, swali la maneno machache, na katika watu mia waliojifunza kuuliza ushahidi hakuna aliyemuuliza.

"Ulinizuia," Ladan alisema. Hakusema kwa ukali. "Nilisema tumuulize."

"Ulisema," Tahlil alijibu.

Wakati huo wakasikia nyayo kwenye ngazi, nyingi, na vicheko, na sauti ya Jaffar ikihema: "Mzee! Fungua mlango, Idi njema! Lifti yenu hii itatumaliza kabla hatujala!" Nyuma yake walikuja Kowsar na wanawe, na yule mtu wa Tanga, na Wakongo na wake zao, na wengine waliokuwa bado huko chini. Kila mmoja alibeba sahani iliyofunikwa foili.

Tahlil aliweka sinia sakafuni kwa sababu mezani hapakuwa na nafasi. Akatoka, akauvuta mlango nyuma yake, akasimama mbele yao. Ukumbi mdogo wa lifti ulikuwa umejaa watu hadi kwenye ngazi, kama miaka yote.

"Vipi, mwenyekiti?" Jaffar aliuliza, akipangusa jasho. "Mzee ameamka? Ameshafungua?"

"Alifungua jana," Tahlil alisema. "Pamoja na sisi. Alitungoja siku nzima."

Hawakumwelewa mara moja. Walibaki wamesimama na sahani zao mikononi, wakimtazama usoni, na mmoja mmoja wakaanza kuzishusha.